Nyongeza

Ghala hili lilikuwa la korosho.
Mpaka leo, mvua ikinyesha, kuta zinatoa harufu ile,
wino unaikuta humo, wanakaa pamoja
kama wake wenza waliochoka kugombana.

Barabara ya Mikindani, geti la bluu, hakuna kibao.
Tunajaza katriji za mashine za kuchapia:
kitu kidogo, kinaenea kiganjani,
ndani yake sponji, na sponji ina kiu.

Mimi ni wa mizani.
Kila katriji ya kumi hupita kwangu.
Naiweka, nasubiri namba itulie,
naandika.
Miaka minne nimeandika namba za Somoe Chingwele
bila kumtazama usoni.

Alijaza kwa bomba la sindano.
Alizamisha ncha hadi chini kabisa
kisha akaipandisha taratibu
kama mtu anayetoka chumba alicholala mtoto.
Vidole vyake vyeusi hadi kifundo cha pili.
Siku ya harusi ya mdogo wake alivitia hina juu ya wino,
akasema: haya, semeni kipi ni kipi.

Ikaja mashine ya sindano nane,
na fundi Nandonde kutoka Masasi, kaibeba kompyuta kifuani.
Siku ya kwanza ilitapika.
Povu jeusi mezani, sakafuni, kwenye soksi za fundi.
"Nimeipa haraka," akasema, akapunguza.
Ikatapika polepole.

Siku ya tatu akavuta kiti mbele ya Somoe,
akamrekodi kwa simu, akahesabu.
"Mama, hapa katikati mbona unasimama?"
"Nasimama?"
"Sekunde mbili. Kila mara."
Somoe akajaza nyingine, akiitazama mikono yake
kama mikono ya jirani.
Kweli, ilisimama.
"Basi itakuwa naiacha imeze.
Mtoto ukimlisha uji, si unamwacha ameze?"
Nandonde akaandika: mbili nukta sifuri.
Mashine haikutapika tena.

Katriji mia sita kwa saa.
Wajazaji walikuwa tisa,
wamebaki wawili, wa kubandika lebo.
Somoe hayumo.

Kuna jambo sikumwambia fundi, wala bosi Lipinga.
Katriji za Somoe zilizidi.
Siku zote. Gramu sifuri nukta tatu, nukta nne.
Niliandika "sawa", kanuni iliruhusu,
nikadhani ni mkono tu.
Lakini mkono haukosei upande mmoja
miaka minne.

Sasa ni kumi na mbili kamili.
Kumi na mbili. Kumi na mbili.
Daftari langu limekuwa ukuta wa matofali.

Msimu huu baba alirudi na stakabadhi
ya chama cha msingi, Nanguruwe.
Kilo zimetoka vizuri. Bei imetoka.
Jina lake, mstari wa mwisho, limetoka kijivu,
tena nusu: Likapa amekuwa Lika.
Baba akaigeuza karatasi, akaitazama kwa nyuma,
labda sehemu iliyobaki imepenya huko.
Sidai ni sisi. Wino huisha,
karani mvivu hachelewi kuchelewa.

Jumamosi nilipita Chikongola kununua mafuta ya kula.
Somoe ana meza pale, madumu mawili na faneli.
Vidole vimeanza kurudi rangi, isipokuwa kucha.
Hakuuliza habari za kiwandani.
Akanipimia robo lita, akamimina,
katikati akasimama. Nilihesabu.
Kisha, haki yangu ikiwa imeshaingia yote chupani,
akainamisha kopo tena, kidogo,
akiwa anaongea na mteja mwingine.

Nilitaka kujua ni kiasi gani.
Sikuwa na mizani.