Tundu Kwenye Bati la Pareto

Kogo alikataa.
Bati hili, alisema, ni pareto ya misimu mitatu,
maua niliyoyachuma vidole vikifa ganzi kwa umande,
na leo fundi wa Molo alitoboe
ili moto upate pa kupumulia?

Gathungu hakujibu. Alipima.
Akachora duara kwa kipande cha mkaa,
akaacha shibiri nzima kati ya bomba na boriti.
"Ubao hausahau joto," alisema, "hata ukinyamaza."

Mimi nilishika ngazi
nikiikumbuka Julai iliyopita, hapa hapa Kuresoi,
ukungu umelala hadi kizingitini.
Tuliingiza jiko la mkaa chumbani, tukafunga dirisha,
tukaziba nyufa kwa magunia.
Makaa yalikuwa mekundu, masafi, bila hata uzi wa moshi.
Wahenga walitufunza: pafukapo moshi pana moto.
Hawakutuachia methali ya moto usiofuka,
ya hewa isiyonuka, isiyobisha hodi,
iingiayo damuni kama mgeni aijuaye njia.

Chelangat alitapika. Ndiye aliyetuokoa.
Kogo alitambaa, akaupiga mlango teke,
na baridi, baridi ile ile tuliyoifungia nje,
ikaingia kutuamsha.

Bomba lilipanda, likaupita mgongo wa paa
kwa kimo cha mtoto wa darasa la kwanza,
likavishwa kofia dhidi ya mvua na pepo za Mau.
Lami ikapakwa pembeni.
Tulipowasha, moshi ulirudi, ukatujaa machoni.
"Mnaona?" akasema Kogo.
Gathungu akawasha gazeti, akalisukuma kooni mwa bomba:
bomba baridi hubembelezwa.
Likaguna. Likavuta.

Kogo akatoka na blanketi lake,
akasimama kwenye nyasi mbichi, shingo nyuma,
kama anayehesabu ndege.
Alirudi bila neno. Akafungua dirisha, upana wa kiganja.
"Lisifungwe hili," akatuambia, kana kwamba yeye ndiye fundi.

Sasa tunachoma mkaratusi mkavu tu;
mbichi hulivika bomba utando mweusi, nao hushika moto.
Kila mwisho wa mwezi napanda na brashi ya waya,
nashuka nimepakwa masizi, Chelangat ananicheka.

Chini ya tundu Kogo aliweka sufuria
siku ile ile, haiamini lami.
Bado ipo. Mvua ikizidi, hudondoka tone moja,
ti.
Hunitazama: "Nilisema."
Kisha husogeza kigoda chake karibu na jiko.