Jeneza Hurudi

Mtaa wetu hapa Lamu haukuwa na duka la mauti.
Ulikuwa na jeneza moja, la mninga,
limesimamishwa nyuma ya msikiti, mgongo ukutani.
Nani alilichonga, hakuna ajuaye.
Baba alisema mguu mmoja ulilipiwa na babu yake,
wa pili na muuza halua,
na miguu miwili iliyobaki ni deni hadi leo.

Upande wa wanawake, kazi ilikuwa ya Bi Somoe.
Sanduku la bati, na ufunguo shingoni:
bafta, majani ya mkunazi, kafuri
ndani ya kopo la majani ya chai,
mkasi usiokata kitu kingine.
Akigongewa usiku hakuuliza nani amekufa.
Aliuliza, “Mrefu?”
Bei hakuwa nayo. Alipewa kipande cha sabuni, kanga,
na siku ile watu hawakumpa mkono.
Watoto walimkimbia.
Nami nilimkimbia,
kisha nikaolewa na mwanawe.

Mwaka ule wa mvua iliyoangusha ukuta wa madrasa
akafa Mwalimu Nyamai, mtu wa Kitui,
aliyewafundisha wanetu hesabu za mafungu.
Mkewe akataka jeneza.
Wazee wakalitoa la msikiti, wakalipangusa vumbi.
Akalizunguka mara mbili. “Mbona halina mfuniko?”

Basi akaitwa Fundi Lali Shekuwe, mchonga milango.
Sanduku la mtu hakuwahi kulitengeneza.
Akampima marehemu kama anapima kizingiti.
Randa ikalia usiku kucha,
na alfajiri, mkono ukifuata mazoea,
akatia bawaba,
akatia na komeo.
Akalitazama. Akaling'oa bila kusema neno.
Tundu likabaki; mjane akaliziba kwa leso yake.

Gatini tulisimama mpaka chombo cha Mokowe kikapotea.
Bi Somoe akamgeukia fundi:
“Na lile jeneza, litarudi lini?”
Lali akajifanya anatafuta kilemba chake.
Kilikuwa kichwani.

Siku hizi hospitali ina jokofu.
Mokowe kuna mafundi watatu, majeneza yako barabarani,
yana vioo vidogo vya kuchungulia,
bei zimeandikwa kwa chaki, na mmoja wao
ni mjukuu wa Lali. Hatii komeo.

Bi Somoe alipofika zamu yake nilimuosha mimi.
Urefu sikuuliza.
Nguo tano, kafuri, ule mkasi.
Wakamtoa kwa haraka, uchochoro ukajaa kalima,
mimi nikabaki na beseni na maji yaliyobaki.

Kabla ya alasiri jeneza likarudi,
jepesi, vijana wawili tu,
mmoja anatafuna ubuyu.
Nikawaambia walilaze kwanza barazani.
Nikalifuta ubao kwa ubao.

Jioni nikamwendea mweka hazina wa msikiti,
nikaweka pesa juu ya daftari lake:
mguu wa tatu, nimesema.
Wa nne bado.