Mkwaruzo wa Kushoto

Zablon Musungu anaizunguka pikipiki na fomu,
kalamu imefungwa uzi, uzi umefungwa kidole.
Kibuye, saa kumi na mbili kasoro robo:
akina mama wa mitumba wanapasua marobota
na yeye anaandika kila jeraha
ili siku ya kurudi tusishikane mashati.

"Kioo cha kulia, ufa. Umeona?"
Nimeona.
"Taa ya nyuma imebabuka. Sahihi hapa, Bwana Nyandega."
Naweka.
"Tangi, kushoto, mkwaruzo" –
anautandazia kiganja –
"shibiri nzima. Huo niliukuta."

Huo niliuacha mimi.
Ahero, mvua, ndama wa watu barabarani,
seng'enge za shamba la mpunga.
Enzi hizo tangi lilikuwa jekundu.
Wamelipiga buluu, tabaka mbili,
na bado kucha yangu ikipita
inazama pale pale.

Anazo tatu za kukodisha. Mbili zinang'aa kama sufuria za harusi.
"Hizo ndizo za safari," alinishauri juzi. "Hii ina tabia."
Nikasema: hii.

Elfu moja mia tano kwa siku, siku ishirini na moja,
malipo mbele. Anabonyeza simu kupiga hesabu,
mimi nishajua jawabu:
thelathini na moja na nusu.
Niliiuza arobaini na mbili
mwaka ule figo za mama zilipogoma,
na arobaini na mbili, kwa bei ya ile mashine ya kusafisha damu,
ilitununulia mwezi mmoja kasoro siku tatu.
Ndani ya siku hizo aliomba chungwa.
Machungwa yalikatazwa.
Nilimpelekea moja.

Zablon ananikabidhi bahasha:
barua ya idhini yenye muhuri wa wakili,
bima ya kadi ya njano, nakala ya kitabu cha pikipiki.
"Busia watakuuliza, mali hii ni ya nani?
Usijikanyage ulimi. Sema, ya Zablon."
Ya Zablon, nasema.
"Tena."
Ya Zablon.

Kisha ananifundisha kuiwasha.
Asubuhi ni mkaidi huyu, asema,
choki yote, mateke manne matano, usikate tamaa.
Mimi navuta choki nusu.
Nashusha teke moja la bure, bila ufunguo,
kama mtu anayebisha kwa jamaa zake.
Ufunguo. La pili:
inakohoa, inashika, inatulia.

Zablon anaiacha kalamu ining'inie.
"Umeijulia wapi?"
Bahati, nasema,
na namshukuru aliyebuni helmeti yenye kioo cheusi.

Uwanja wa ndege. Otonglo.
Nyuma yangu hema, pampu, tyubu mbili, unga wa uji;
mbele Mbarara, Kabale, Kigali,
na breki zikikubali, Bujumbura.
Njia hiyo niliichora mgongoni mwa kalenda ya duka la dawa,
kwa kalamu nyekundu, rangi ya tangi,
nikaibandika juu ya kitanda,
mama akauliza: huo ni mchoro wa mshipa gani?

Kisian, njia panda.
Kushoto ni Bondo, ni nyumbani,
ni kaburi lenye saruji niliyodaiwa miaka miwili.
Miaka sita pikipiki hii ilikata kushoto hapa
bila kuniuliza.
Usukani unaegemea.
Au ni mikono.

Lori la mawe linapiga honi mgongoni.
Kidole gumba kinapapasa swichi:
taa ya kulia
inawaka, haiwaki, inawaka.
Hiyo Zablon hakuiandika.