Krismasi ya Kwanza Bila Ng'ombe

Saa kumi alfajiri Verlin ameshavaa buti,
kofia gotini, na hakuna wa kukamua.
Thelathini na wanane waliondoka Oktoba
kwa malori mawili ya bwana mmoja wa Waterloo
aliyewahesabu kwa ncha ya kalamu
asiulize hata jina.
Theluji imefika kwenye kizingiti cha dirisha.
Iowa nzima imenyamaza kama zizi letu.

Mimi nina trei ya kupeleka kanisani jioni.
Miaka ishirini na sita nimepeleka ileile:
mkate bapa uliookwa, juu yake jibini laini,
juu ya jibini mboga mbichi
zilizopangwa zikawa mti wa Krismasi.
Maziwa ya jibini yalikuwa yetu.
Mwaka huu nimeroweka maharage.

Sikumwambia. Aliliona bakuli jana usiku,
maharage meupe yamevimba majini,
akasimama kidogo, akapita, akaenda kulala.

Unga, hamira, chumvi, mafuta ya kulainisha.
Nausukuma kwa kiganja, unanirudia.
LaVonne hununua wa kopo, ule unaopasuka pwa!
ukigongwa ukingoni mwa meza.
Simlaumu, ana magoti mabovu na wajukuu saba.
Mimi napenda kuusubiri uumuke.
Nimezoea kusubiri vitu vinavyojifunika kitambaa
na kukataa kusema vinaendeleaje.

Nautandaza hadi pembe za trei,
nautoboa kwa uma usije ukajivuna,
na joto la tanuri linafanya iliyobaki.

"Verlin. Njoo uniponde haya."
Nampa kiponda viazi cha marehemu mama yake.
Anakitazama, anakiweka kando,
anakunja mikono ya shati
na kuzamisha vidole vyote kumi bakulini.

Mashine ndiyo iliyokamua, miaka yote hiyo,
lakini kila chuchu aliianza yeye kwa mkono:
kubana juu, kushuka, kuachia.
Kubana, kushuka, kuachia.
Maharage yanapita katikati ya vidole, meupe, mazito.
Natia kitunguu saumu, natia ndimu na chumvi,
natia pale pale mikononi mwake,
wala simwangalii usoni.

Kisha brokoli kwa matawi, vichane vidogo vidogo,
karoti iliyokwaruzwa izunguke kama utepe,
hoho nyekundu, vipande vya kete, ndiyo mapambo.
Nyota nachonga kwa hoho ya manjano.
Pembe moja inavunjika. Anaila.
Nachonga nyingine.

Chini ya kanisa kuna joto la makoti na kahawa.
Watoto wanadonoa nyota kwanza, kama kawaida yao.
LaVonne anatafuna, anafumba jicho moja:
"Jibini gani hii?"
Nafungua mdomo. Verlin amenitangulia,
kwa sauti ya mtu anayetaja jina lake kwenye simu mbovu:
"Maharage. Nimeyaponda mwenyewe."
Ukimya. Kijiko kinaanguka mahali.
Anachukua kipande cha chini, cha shina la mti,
kile ambacho huwa kinabaki.

Tumerudi. Ameshalala, buti mlangoni.
Kabla ya kuzima taa ya jikoni
nimepima kikombe kingine cha maharage makavu
na kuyamiminia maji.
Kesho hakuna sherehe.
Kuna saa kumi tu.