Hodi, Subiri

Wananiita mwenye kiburi hapa Nachingwea.
Unapiga hodi mlangoni kwangu, mara mbili, mara tatu,
na mimi nimekupa mgongo, kimya,
kana kwamba sikusikia.
Nimesikia.
Nafunga wembe kwanza.

Kabla sijawa na kiburi nilikuwa na gumba zima.

Msimu ule korosho zilikuwa zimelipa,
na kila kinyozi kuanzia Ruponda hadi Naipanga
akaukumbuka wembe wa kukunja wa babu yake
uliolala ndani ya kopo la majani ya chai,
kutu imeugandia kama ukoko.
Wakaja nao: Somoe, ung'arishe kidogo tu.
Kidogo tu.
Ningekuwa diwani, ningelipiga marufuku neno hilo
popote penye mota.

Mota niliiogopa, na woga ule ulinilinda.
Gurudumu la kitambaa linaonekana laini,
kumbe hunyakua ncha ya wembe na kuitupa ukutani.
Kovu liko pale, juu ya kalenda,
kimo cha shingo ya mjomba,
ambaye dakika ile alikuwa ameinama kuokota skrubu.
Kwa hiyo nilivaa miwani. Nilifunga nywele.
Khanga niliivua, nikavaa suruali ya marehemu kaka,
maana ukanda wa mashine haujui pindo wala mwenye pindo.
Barakoa niliivaa kwa ajili ya vumbi la mpingo,
tangu usiku ule nilipopiga chafya nyeusi hadi alfajiri.
Wembe niliulaza ubapa, mgongo mbele, makali nyuma,
nikihesabu pumzi.
Siku tisini, hata mchubuko.

Wa Bwana Likwawa ulikuwa wa mwisho.
Baba yake alipewa na karani wa mashamba ya karanga
mwaka ule matrekta yalipoachwa yaote majani.
Nikautilia mpini mpya wa mpingo, ribiti za shaba,
nikaunoa juu ya kinoo hadi maji yakawa kijivu,
halafu kwenye mkanda wa ngozi, twa, twa,
hadi malaika wa mkono wangu wakaanguka
bila kujua nani kawaangusha.
Nikazima mota.
Nikavua miwani.
Nikasema: tayari.

Hapo ndipo.

Nilikuwa nafuta mafuta kwa kipande cha fulana,
na mlangoni: Hodi hodi, wenyewe mpo?
Nimelelewa, jamani. Mtu mzima hasalimiwi kwa kisogo.
Nikageuka, karibu, shikamoo,
mkono wa kulia ukamwendea wenyewe,
na wa kushoto, ulioachiwa kitambaa na kilichomo,
ukafumba.

Haikuuma. Makali mazuri hayana kelele.
Bwana Likwawa ndiye aliyetazama chini,
marahaba yake ikakatikia njiani.
Damu ikatambaa juu ya mpini
na mpingo haukusema kitu,
ulizidi kung'aa tu.

Hospitalini, muuguzi akivuta uzi wa tatu, wa nne:
Umekatwa na nini, dada?
Na kazi niliyokwisha kuimaliza.
Hakucheka. Aliuliza sindano ya pepopunda
nilichomwa lini.

Sasa gumba hili halisikii moto wa kikombe.
Bwana Likwawa ananyolea wembe wake kila Ijumaa,
anasema haujawahi kumkwaruza.

Mwanafunzi wangu Dadi ameandika ukutani
kwa rangi nyekundu, USALAMA KWANZA,
akiwa amesimama juu ya kiti chenye miguu mitatu.
Nimekitia wa nne.

Wewe ukija, piga hodi.
Utasikia kimya, usiondoke.
Kisha utasikia mlio mdogo,
chuma kikirudi ndani ya mti wake: tak.
Hapo karibu yangu ndiyo inaanza.