Shada la Majani

Nywele zake nilizisuka mimi, Tryphena Gudgeon,
miaka kumi na mmoja, nyumba ya ghorofa nne,
upande ule wa London ambako hata moshi wa makaa
hupiga hodi kabla ya kuingia.

Saa nne asubuhi, maji ya waridi.
Kisha marhamu nyeupe yenye risasi iliyosagwa,
kutoka kwenye paji hadi kifuani, bila kuacha mwanya.
Kisha brashi nyembamba na wino wa buluu,
nimchoree mishipa ya damu juu ya rangi
iliyofunika mishipa yake ya kweli.
"Usinichekeshe, Tryphena. Uso utapasuka."
Sikumchekesha. Kufikia mwaka wa tatu
nilikuwa nimesahau meno yake yalivyo.

Alikuwa mzuri, sitamdhulumu.
Mzuri wa kumpotezea kasisi aya yake katikati.
Wasemao uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti,
hawakuufungua huu wangu:
ndani mlikuwa na daftari.
Nani alimtazama, kwa muda gani,
nani aligeuka kwanza.

Novemba likaja sanduku.
Shada la majani ya mzabibu, kitambaa na nta,
kijani ambacho Mungu hakukitia kwenye mti wowote.
Akalivaa. Akalivua.
"Halijajaa. Nenda karakanani kwao,
waongeze majani thelathini kabla ya Alhamisi."

Nikaenda. Ngazi za mbao, dari iliyoinama,
wasichana kumi na wanne kwenye meza moja,
matambara puani, na vumbi lile likielea,
zuri, Mola nisamehe, kama bustani iliyosagwa.
Aliyetuongezea majani aliitwa Dorcas Whibley.
Umri wake miaka kumi na tisa.
Kucha kijani. Weupe wa macho, kijani.
Akaniambia chai huiona kijani,
mkate kijani, mamake kijani,
akacheka, na mimi niliyesahau kucheka
nikacheka naye, hadi alipoinamia ndoo
akatapika, na ndani ya ndoo
sikutazama.

Nilimweleza Bibi Araminta yote,
nimepiga magoti nikimfunga viatu.
Kwamba ni unga ule ule wauzao kwa ajili ya panya.
Kwamba yule binti hatauona mwaka mpya.
Akanyamaza. Nikadhani neno limemwingia.
Akageuza kichwa kushoto, polepole,
na yule wa kwenye kioo akageuka naye.
"Rangi hiyo," akauliza, "huchuja mtu akitoka jasho?"

"Haichuji, Bibi."

Hilo ndilo jibu nililolitoa.
Mdomo ulikuwa wangu. Ningeweza kutoa lingine.

Alhamisi hiyo, nasikia, muziki ulipotea njia
alipoingia. Kufika Jumamosi
mabibi thelathini na wawili walikuwa wameagiza
shada la aina ile ile, na kwa haraka.

Alirudi alfajiri. Nikamwosha uso kwa mafuta,
beseni likawa kama maziwa yaliyochacha.
Akalala kinywa wazi, na meno nikayaona tena:
kwenye ufizi, mstari wa buluu
ambao sikuuchora mimi.

Shada nilipaswa kulirudisha sandukuni.
Nililiweka kichwani mwangu.
Kioo kikanipokea bila swali,
kama mwenye duka asiyejali
sarafu imetoka mfukoni mwa nani.
Nikageuza kichwa kushoto, polepole.
Nilikuwa mzuri. Hilo nalo ni kweli.
Sikulivua mpaka mshumaa ulipoisha wenyewe,
na hata gizani nilikaa kidogo.

Dorcas walimzika wiki ya Krismasi.
Bibi alituma shilingi kumi. Nilizipeleka mimi,
kwa mkono huu, na mama yake akanishukuru,
akaniita binti mwema.

Upele ulianzia hapa, chini ya kofia,
ukazunguka paji lote, jani kwa jani.
Wakiniuliza, husema ni pasi,
niliungua zamani, nikiwa na haraka.