Kabati

Mwaka ule walipiga picha mtaa mzima wa Guraya,
nyaya zikatandazwa mpaka mlangoni pa msikiti,
na mimi, Shee fundi cherehani, nikapewa maneno ya kusema.
Kurasa nne. Nilizihifadhi kama juzuu.
Na koti la shujaa nikalishona mimi, kwa bei ya hasara.

Siku ya kuonyeshwa nilijaza safu mbili za viti:
Mwanakombo na kanga mpya, dada zake, Mbwarali na wanawe,
hata anidaiye nilimlipia tikiti.
Saa moja na dakika thelathini na nane.
Shujaa akaingia dukani kwangu na shati lililoraruka,
mlango ukafungwa,
mlango ukafunguliwa,
akatoka amevaa koti.
Basi.

Mbwarali akaniinamia gizani: "Wewe uko wapi, ndani ya kabati?"
Tangu usiku huo jina langu ni Kabati.
Watoto waliozaliwa baadaye hawajui kama nilikuwa na jingine.

Miaka ishirini na sita.
Juzi mjukuu wangu Aiman kaja na simu:
"Babu, limetoka toleo refu, la mwongozaji mwenyewe,
kila alichokatazwa na wenye pesa amekirudisha."
Saa tatu kasorobo.
Akaiunga na televisheni, nikatandika mkeka,
nikamwita Mbwarali, ambaye jicho la kushoto halioni tena.

Nami huyo! Nina nywele!
Futikamba shingoni, chaki nyuma ya sikio,
nampima shujaa mabega, kifua, mkono,
na nasema, nasema, ee Mola, nasema,
nyusi zinapanda na kushuka kama sindano,
namweleza nduguye kafa, kazikwa wapi, na nani kamuua,
mambo ambayo kwenye ile fupi
tuliyajua kwa vile alivyofunga kifungo cha juu
katikati ya joto la Machi.

Dakika kumi na moja.
Mwanakombo alilia. Mbwarali alisinzia.

Nimekata nguo tangu nina miaka kumi na mitatu.
Najua kitambaa kizuri kinavyoweza kuharibu kanzu,
kile kipande cha hariri ulichokionea uchungu kukitupa
ukakilazimisha kwapani.
Mteja aliyependeza haulizi
nini kilifagiwa sakafuni.
Yule aliyenikata mimi, hata jina lake silijui,
alikuwa na mkono mwepesi.

Lakini refu nalo lina mambo yake.
Lina mvua ya usiku Mwembe Tayari, isiyo na kazi yoyote,
inanyea mikokoteni tu.
Lina Bi Saumu, Mungu amrehemu, anavuka barabara
na sufuria ya mbaazi, mbio mbio, anaikimbia kamera.
Mwisho wake mbaya: shujaa anarudi, anasamehe, anahutubia.
Kwenye fupi anasimama foleni ya feri Likoni, katupa mgongo,
na kitambaa cheupe cha ukumbi, ukuta hadi ukuta,
kinajaa mshono wa bega.
Mshono wangu.
Miaka yote hiyo waliutazama
wakinitafuta.

"Babu," Aiman kasema, "simu imejaa.
Nikuwekee ipi?"
"Fupi," nikamjibu, kifundi, bila kuinua macho.
Akashuka ngazi.
Nilimsikia kafika ya tatu kutoka chini, ile inayolia,
nikaondoa mguu kwenye kanyagio,
nikamwita.